Baba anataka kurudi nyumbani, Mama anasita

SWALI

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 46, nimeolewa, nina watoto watatu wanaosoma, na ninaishi na familia yangu Goba, Dar es Salaam. Ninaomba ushauri kuhusu wazazi wangu, ambao wameishi Uingereza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambao sasa, baada ya kuzungumza na ndugu wa upande wa baba, ninataka kuwarudisha nchini waje kuishi nyumbani kwangu.

Baba ana miaka 78. Alikuwa dereva wa mabasi ya abiria katika mji wa Reading mpaka alipostaafu. Mama ana miaka 72, naye alifanya kazi kwa muda mrefu katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha, akiwalisha na kukesha nao zamu za usiku. Wanaishi katika nyumba ya kupanga ya halmashauri. Mdogo wangu wa kiume yuko Milton Keynes na mke wake na watoto, na huwatembelea mwishoni mwa juma anapopata nafasi.

Mwaka jana madaktari walithibitisha kwamba Baba ana ugonjwa wa kusahau, ambao wao wanauita dimenshia, mbali na kisukari alichonacho kwa miaka mingi. Kuna siku alitoka kwenda kununua mkate akapotea. Polisi walipomkuta alikuwa akiwaeleza kwa Kiswahili kwamba anatafuta stendi ili apande basi la Muheza, ambako ndiko alikozaliwa. Tangu hapo, kila nikimpigia simu ananiuliza ni lini nitakwenda kumchukua. Mdogo wangu anasema huenda ikabidi apelekwe katika nyumba ya wazee. Nilipomweleza baba yangu mdogo aliyeko Muheza, aliitisha kikao cha ukoo, na uamuzi ukatoka kabla sijamaliza maelezo: mzee arudi, kwa kuwa ni aibu kwa mtu mwenye watoto kuogeshwa na wageni. Mume wangu alisema, "Ni wazazi wetu, waje," na tangu hapo hajaongeza neno.

Tuna chumba cha chini chenye choo chake, na tuna dada wa kazi ambaye ni mwaminifu. Mimi ninafanya kazi Posta, kwa hiyo hutoka alfajiri kukwepa foleni na kurudi jioni. Nilipanga waje mwezi Desemba kwa tiketi ya kuja tu, warudishe nyumba ya halmashauri, na fedha wanazolipwa kule zigharimie matunzo yao hapa. Wanalipwa pensheni ya serikali, nyongeza wanayopewa wazee wenye kipato kidogo, msaada wa kodi ya nyumba, na posho anayopewa Baba kwa sababu anahitaji kusaidiwa kuoga na kuvaa.

Tatizo ni Mama. Nikitaja tiketi anabadilisha mazungumzo au anasema "tutaona." Mara ya mwisho aliniambia kwamba mimi namleta baba yangu, na yeye namleta kama begi lake. Niliumia sana. Kinachonishangaza ni kwamba yeye ndiye Mtanzania: Baba alichukua uraia wa Uingereza zamani, lakini Mama alikataa, na mpaka leo ana pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi kule bila kikomo. Nilidhani yeye ndiye atakayefurahi kurudi kwao. Naomba unisaidie nimshawishi vipi, na kama kuna jambo la kuandaa kabla ya safari, unieleze.

Msomaji wako, Goba.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza namna ya kumshawishi mama yako, na mimi nitaliacha swali hilo kando kwa muda, kwa sababu katika barua yako nzima sioni mahali ambapo mtu yeyote amemuuliza anachotaka. Baba anauliza kila siku, ukoo umekaa kikao, mdogo wako ana maoni yake, mume wako amesema neno moja. Mama yako amearifiwa tu. Nadhani kusita kwake kuna sababu, na sababu kubwa imo katika maelezo yako mwenyewe juu ya pasipoti zao.

Umezisoma pasipoti hizo kinyume. Baba yako ni raia wa Uingereza, kwa hiyo akikaa Goba mwaka mmoja, mitano au kumi, siku akitaka kurudi Reading hakuna atakayemzuia. Mama yako hana haki hiyo. Kibali chake kinaitwa cha bila kikomo, lakini kwa kanuni za uhamiaji za Uingereza kibali hicho hufutika iwapo mwenye nacho atakaa nje ya nchi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, na baada ya hapo atalazimika kuomba upya kama mkaazi anayerejea, ombi ambalo linaweza kukataliwa. Aliye Mtanzania ndiye asiyeweza kurudi Reading, na aliye Mwingereza ndiye anayehitaji visa ili alale Goba. Baba yako ana miaka 78 na ni mgonjwa. Ikitokea akatangulia mbele ya haki mwaka wa tatu tangu waje, Mama atabaki nyumbani kwa mkwe wake, akiwa na mwana na wajukuu Milton Keynes ambao hawezi kwenda kuwaona mpaka aombe visa ya kutembea kama mgeni mwingine yeyote. Mwanamke aliyefanya kazi Uingereza kwa miongo mitatu analijua jambo hili, na huenda haoni namna ya kulisema bila kuonekana anahesabu siku za mume wake.

Ungeweza kuniambia basi naye achukue uraia wa kule kwanza. Inawezekana, lakini Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hiyo siku atakayoupata wa Uingereza ataupoteza wa hapa, na utakuwa na wazazi wawili wageni badala ya mmoja. Uamuzi huo ni wake peke yake, na asisukumwe. Jambo dogo la haraka ni hili: Uingereza imeachana na kadi za ukaazi na kuhamia kwenye kumbukumbu za kielektroniki, hivyo kama Mama bado anategemea kadi ya zamani au muhuri uliogongwa kwenye pasipoti iliyokwisha muda, mdogo wako amsaidie kufungua akaunti ya kibali chake mtandaoni na kuingiza namba ya pasipoti ya sasa kabla hajasafiri, hata kama ni kwa matembezi.

Kwa upande wa Baba, visa ya kawaida kwa raia wa Uingereza hulipiwa dola 50 na humruhusu kukaa hadi siku 90. Hiyo ni ya mgeni anayekuja na kuondoka. Usimlaze mzee nyumbani kwako miaka kwa visa za kuungaunga, kwa sababu mwisho wake ni faini na usumbufu ambao mgonjwa wa kusahau hapaswi kuupitia. Akija kuishi atahitaji kibali, na ofisi za Uhamiaji Kurasini ndiko mahali pa kwenda kuuliza mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, ni kipi kinachomfaa: kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo huhusisha watu wasio wawekezaji wala waajiriwa, wakiwamo wastaafu, au hati ya mtegemezi, kwa kuwa mke wake na binti yake ni Watanzania. Uliza pia kuhusu hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliopoteza uraia, jambo ambalo Serikali imekuwa ikilishughulikia.

Hukutaja kama Baba ana shamba Muheza, lakini mtu wa Muheza wa umri wake mara nyingi huwa na michungwa au minazi mahali fulani. Kama ipo, mwoneni wakili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na ni afadhali familia ijue inasimama wapi wakati mzee bado anaweza kueleza mpaka wa shamba lake unapita wapi. Simsemi vibaya baba yako mdogo. Nasema tu kwamba walioamua mzee arudi wanapaswa pia kuzungumza wazi juu ya mali yake na juu ya mchango wao.

Sasa fedha, maana mpango wako wote umesimama juu yake. Kati ya malipo manne uliyoyataja, ni moja tu litakalowafuata Dar es Salaam wakihama moja kwa moja, nalo ni pensheni ya serikali. Nyongeza ya wenye kipato kidogo hukoma, msaada wa kodi hukoma, na posho ya Baba ya kuhudumiwa hukoma pia. Pensheni yenyewe italipwa, lakini haitapanda tena. Uingereza huongeza pensheni kila mwaka kwa wastaafu wake walioko ndani na kwa wale walioko Ulaya au katika nchi zenye makubaliano nayo, kama vile Mauritius na Jamaica, Tanzania haimo. Maana yake ni kwamba kiasi watakachokuwa wakipokea siku wanapohamia ndicho watakachopokea baada ya miaka minane, huku dawa, umeme na mshahara wa msaidizi vikipanda kila mwaka. Fanya hesabu upya kwa pensheni peke yake, bila hizo nyingine tatu, halafu ukae na mume wako na mdogo wako mwone pengo ni kubwa kiasi gani na nani atalijaza. Tahadhari moja: wasihame kimyakimya wakaendelea kupokea posho. Malipo ya namna hiyo hudaiwa yarudishwe, na wazee huishia kukatwa pensheni yao.

Matibabu huku yapo, na wala usikubali mdogo wako akuogopeshe kwamba Dar es Salaam hakuna madaktari. Muhimbili ipo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo, na kwa viungo ipo Taasisi ya Mifupa, MOI. Suala ni nani analipa. Wakihama kuja kuishi huku watapoteza haki ya kutibiwa bure kule, kwa sababu huduma hiyo hutegemea makazi wala si pasipoti wala miaka mtu aliyokatwa kodi. Baba ataipata tena iwapo tu atarudi kuishi. Hapa kwetu msamaha wa matibabu kwa wenye miaka 60 na kuendelea umelengwa kwa wazee wasio na uwezo, na mzee mwenye pasipoti ya Uingereza na pensheni yake asitarajie kuhesabiwa miongoni mwao. Kama wewe au mume wako mna bima ya afya kupitia mwajiri, ulizeni iwapo wazazi wanaweza kuandikishwa kama wategemezi, mkikumbuka kwamba nafasi hizo zina ukomo na tayari mna watoto watatu. Bima binafsi nazo huwa na masharti magumu kwa mtu wa miaka 78 mwenye kisukari.

Nimekawia kufika kwenye jambo ambalo naliona zito kuliko fedha. Baba ataogeshwa na nani? Wewe unatoka alfajiri na kurudi jioni. Mume wako ni mkwe, na katika mila zetu nyingi mkwe na baba mkwe huoneana haya. Hawezi kumvua nguo baba yako, na baba yako katika siku zake za akili timamu asingetamani hata kuishi kwa mkwe, seuze kuvuliwa nguo naye. Huenda huko ndiko ulikotoka ukimya wa mume wako baada ya lile neno moja la heshima. Dada wa kazi aliajiriwa kupika, kufua na kutunza watoto, na mara nyingi ni binti mdogo. Kumkabidhi mwanamume mzima anayeweza kuamka usiku akiwa amechanganyikiwa na kukasirika si haki kwake, wala si salama kwa yeyote. Anayebaki ni Mama. Mama huyo aliwaogesha wazee wa watu kwa mshahara na zamu yake ikaisha asubuhi. Kwako zamu haitaisha, na atakuwa mbali na mtoto wake wa kiume, rafiki zake na daktari anayemjua. Ukisikia amekuambia kwamba analetwa kama begi, amekueleza hesabu hiyo kwa maneno machache.

Kwa hiyo kama watakuja, mtahitaji msaidizi wa kiume aliyewahi kuhudumia wagonjwa, mwenye mkataba na siku ya mapumziko, na mshahara wake uingie katika bajeti tangu mwanzo. Na upande wa pili usiupime kwa nyumba ya wazee peke yake. Halmashauri ya kule inawajibika kumtathmini mzee anapoomba, bila malipo, na matokeo ya tathmini hiyo mara nyingi huwa ni mhudumu wa kwenda nyumbani kwao asubuhi na jioni, huku gharama ikipangwa kulingana na akiba na kipato chao. Mlezi naye, yaani Mama, ana haki ya kutathminiwa mahitaji yake. Muulize mdogo wako kama hatua hiyo imewahi kuombwa. Asiseme nyumba ya wazee kabla ya kujibu hilo.

Usidhani napinga Baba asirudi. Mgonjwa wa kusahau hupoteza ya karibuni kwanza na kubaki na ya zamani, na wengi waliojifunza lugha ya pili ukubwani huiacha njiani na kurudi kwenye ile ya utotoni. Baba yako kuwaeleza polisi wa Reading safari yake kwa Kiswahili kuna uchungu ndani yake, na kuishi mahali ambapo muuza maji, jirani na mwadhini wote wanamwelewa ni faida ambayo hakuna halmashauri ya kule itakayompa. Lakini Goba si Muheza. Wala Muheza ya leo si ile anayoitafuta. Inawezekana sana akafika kwako, akakaa wiki moja, kisha akaanza kutoka getini akitafuta stendi kama alivyofanya kule, tena katika mtaa wenye bodaboda na makorongo. Geti lifungwe vizuri, na majirani na waendesha bodaboda wa kijiwe cha karibu waonyeshwe sura yake na wapewe namba zenu za simu.

Ninachoshauri ni waje kwanza kwa tiketi ya kwenda na kurudi, kwa muda usiofikia siku 90, bila kurudisha nyumba ya halmashauri wala kuuza kitu. Muda huo unaitosha visa ya Baba, na posho yake ya kuhudumiwa kwa kawaida inaweza kuendelea kulipwa mtu akiwa nje kwa muda hadi wiki 13, ilimradi ofisi husika imearifiwa kabla. Nyongeza ya pensheni na msaada wa kodi kwa kawaida husimama baada ya wiki nne, kwa hiyo mdogo wako ajiandae kulipa kodi kwa miezi inayobaki. Huo ndio uwe mchango wake, na ni mdogo ukilinganisha na kukosa mahali pa kurudi. Wasije Desemba. Desemba kila mtu yuko likizo, kuna pilau na wageni, na hakuna atakayeona maisha yalivyo. Waje shule zikiwa zimefunguliwa, wewe uko kazini, maji yanakatika na mvua za masika zimeiharibu barabara ya Goba, ili Mama aone siku ya kawaida na wewe umwone Baba katika siku ya kawaida. Ndani ya muda huo mpelekeni Muheza kwa siku chache, na baba yako mdogo ambaye aliitisha kikao alale naye chumba kimoja.

Kabla ya safari hiyo kuna hati zisizosubiri. Hati ya uwakili, inayomruhusu mtu kusimamia fedha na matibabu ya mwingine, ni lazima isainiwe wakati mwenye mali bado anaelewa anachosaini, na kule Uingereza husajiliwa rasmi ndipo itumike. Kwa ugonjwa wa Baba, mlango huo unafungwa taratibu. Mdogo wako aanze mwezi huu, na kama Baba hana wasia, suala hilo liende pamoja. Aombe pia barua ya daktari yenye historia ya ugonjwa na majina ya kitaalamu ya dawa, kwa sababu majina ya kibiashara ya kule huenda mfamasia wa hapa asiyatambue. Safari yenyewe mara nyingi hulazimu kubadilisha ndege, iwe Doha, Addis Ababa au Istanbul, kwa hiyo wasisafiri peke yao, na kiti cha magurudumu kiombwe wakati wa kukata tiketi hata kama Baba anatembea vizuri, maana anayesukuma kiti hicho ndiye atakayehakikisha hapotei katikati ya umati.

Baada ya majaribio, Mama akisema hapana, iwe hapana. Mtarudi kwenye tathmini ya halmashauri, mhudumu wa nyumbani, na wewe kwenda kuwaona. Akisema ndiyo lakini hataki kupoteza kibali chake, panapo njia ya katikati: abaki na makazi ya kweli kule, hata kama ni chumba kwa mdogo wako, na arudi kukaa kabla miaka miwili haijatimia, kukaa kwa maana ya kuishi, kwa sababu maofisa wa uhamiaji wanaweza kumuuliza kama kweli anarejea kuishi au amekuja kugusa uwanja wa ndege tu. Katika miezi atakayokuwa huko, wewe na msaidizi mtabaki na Baba, na mume wako lazima awe amekubali jambo hilo kwa sentensi zaidi ya moja.

Mpigie Mama saa ambayo Baba amelala, usitaje tiketi, na umuulize angependa kuishi wapi kama Baba asingekuwa mgonjwa. Akinyamaza, ngoja.